Neno la Siri la Hubert

Jamali, yule rafiki yetu fundi wa kompyuta, miaka ya vita aliitwa kwenye ofisi moja ya mawese Rumonge. Hubert, karani wa pale, alikuwa ameshushwa kwenye basi na wenye bunduki huko Magara, hakuonekana tena. Kompyuta yake aliitega iamke kwa neno la siri tu, likiandikwa kwenye vitufe vya klaviye.

“Anwani ya mama yake iko mule,” alisema Rachelle, mwenzake Hubert wa ofisi. “Aliandikaga na kidole kimoja.” Akarudi chumba cha pili.

Jamali akachomoa waya wa klaviye, akaiweka kitini nyuma yake, akaanza kufungua mashine. Vitufe vikalia nyuma yake, kimoja, kisha kimoja. Kompyuta ikaamka, feni yake ikavuma. Ncha ya waya wa klaviye ilikuwa bado mkononi mwake.

Kutoka chumba cha pili, Rachelle akauliza, “Hubert, umefika saa ngapi?”