Yule Mlevi wa Ngazi za Mtoni

Ndugu zangu, kuna nyumba moja ambayo aibu yake iliwekwa mbele ya uhai wa mtu. Sikilizeni yaliyoipata.

Binti wa nyumba hiyo kwao walimwita Msomi, maana ndiye wa kwanza kufika chuo katika ukoo mzima. Jumamosi moja alikwenda na wenzake wawili kutembelea mtaa mkongwe wa kando ya mto. Asubuhi ilikuwa tulivu. Maji yalipita polepole chini ya maghala ya mawe, nao wakazurura vichochoroni wakipiga picha madirisha ya nondo na kuta zilizobabuka, wakicheka hovyo.

Kwenye ngazi za kushukia mtoni walimkuta mwanamume amejilaza, matapishi yamemkaukia shatini, chupa ubavuni.

"Na huyu naye ni mabaki ya kale," akasema rafiki mmoja, akamwelekezea simu.

Msomi alicheka. Yule mtu akainua uso. Alikuwa baba yake.

Mzee huyo alikuwa fundi mwashi hodari. Ukuta wake ulinyooka kama uzi. Pombe ikamnyang'anya mwiko, kisha kazi, mwisho ikamtoa nyumbani. Mkewe akawaambia majirani, "Mume wangu kapata kazi mbali." Chuoni, Msomi akaimba wimbo huohuo.

"Mama," baba akaita kwa sauti iliyokauka, maana binti alikuwa na jina la bibi yake mzaa baba. "Umenifuata, mama?"

Wenzake wakageuka. "Unamjua?"

"Hapana. Simjui kabisa."

Baba akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Samahani, binti. Macho yangu mabovu. Nimekufananisha."

Jioni Msomi alimkuta mama yake jikoni, akamweleza yote. Mama akaweka kisu chini.

"Wenzako wamejua ni baba yako?"

"Hapana."

"Afadhali. Nyamaza hivyo hivyo."

Hakuuliza kama mumewe anakula, wala analala wapi. Jamani!

Wiki zikapita. Mwisho moyo ulimshinda Msomi, akarudi kule peke yake. Ngazi zilikuwa tupu. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akifagia.

"Yule fundi? Alifia hapa hapa, mwanangu. Alitapika damu. Tulimuuliza ndugu zake wako wapi, akasema hana. Watu wa manispaa wakamzika na wasio na wenyewe." Akaegemea ufagio. "Kwani wewe ni nani wake?"

Msomi akauliza amezikwa wapi. Hata kaburi hakuna aliyeweza kumwonyesha.

FUNZO

Mlevi ni mgonjwa, na mgonjwa hafichwi. Mama na binti walichunga jina la nyumba, wakampoteza mwenye nyumba. Ukiwa na mtu wako aliyezama kwenye chupa, sema mapema, omba msaada, vumilia maneno ya watu. Majirani wakikucheka, watachoka. Aliyezikwa bila wenyewe harudi kusikia ukisema, "Huyu ni wangu."