Kompyuta na Kidonge cha Bibi

Asubuhi nyumbani kwa akina Kompyuta ilianza kwa maswali. "Kompyuta, maji umeyafungulia?" "Kompyuta, uji usiungue!" "Dada, soksi yangu nyingine iko wapi?"

Jina la Kompyuta binti huyo alipewa na mama yake, kwa kuwa hakusahau kitu. Zamani alilipenda. Siku hizi, jamani, lilimchosha! Hata darasani, mwalimu akieleza hesabu za sehemu, yeye aliwaza tangi la maji: hivi nilifunga bomba?

Siku ya mtihani wa hisabati, mama, ambaye ni mshonaji, alikuwa tayari ameinamia cherehani sebuleni. Chumbani kwa bibi, Kompyuta akamimina kiganjani kidonge cha bibi cha shinikizo la damu. Mara akasikia maji yakimwagika uani. Tangi limefurika! Akatoka mbio, akafunga bomba, akaepua uji, akamvalisha mdogo wake soksi. Aliporudi chumbani, kiganja kilikuwa kitupu.

"Bibi, nimekupa kidonge?"

"Nadhani umenipa, mjukuu wangu. Au ilikuwa jana?"

Akitoa kingine, huenda akazidisha dawa. Asipotoa, huenda bibi akakosa. Akaitazama chupa, lakini vidonge vyote vilifanana, navyo vilikuwa vingi.

"Umempa bibi dawa?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Ndiyo" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nani angejua? Kisha akamwona bibi akimtazama kwa imani, akashindwa.

"Sijui, mama. Kweli sijui. Nimechoka!" Akaangua kilio.

Cherehani ikanyamaza. Mama hakugomba. Alimwita jirani yao muuguzi, naye akaja na kipimo chake cha shinikizo la damu, akampima bibi.

"Yuko salama," alisema muuguzi. "Msimpe kingine leo, ila kesho kwa saa yake. Heri umesema, binti. Dawa haibahatishwi."

Kompyuta alifanya mtihani huku macho yakimwuma, akakosa hata maswali aliyoyajua.

Jioni mjomba wake, fundi bomba, alifunga boya ndani ya tangi. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na kufunga maji lenyewe. "Boya halina mtihani wa hisabati," alitania. "Liache lilinde tangi." Muuguzi naye akaleta kijaluba chenye vyumba vya siku zote za wiki; chumba cha leo kikiwa kitupu, dawa imeshanywewa. Mama akatega kengele kwenye simu.

Maji yalipoanza kuingia tangini, Kompyuta aliruka kitini.

"Kaa, mwanangu," mama akamshika mkono. Wakasikiliza pamoja mpaka maji yakakatika yenyewe. "Nisamehe. Mshika mawili moja humponyoka, nami nilikushikisha kumi, halafu nikakusifu. Kazi inayoweza kujiendesha, tuiache ijiendeshe. Na usipokumbuka, sema ukweli kama ulivyosema leo."

Kesho yake asubuhi simu ililia. Bibi akafungua kijaluba, akameza kidonge chake mwenyewe. Kompyuta akaketi kitandani karibu naye, bila haraka.

"Umelalaje, bibi?"

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya! Tangu nianze dawa hizi, kila asubuhi ulikuwa unauliza habari za kidonge. Leo umeniuliza habari zangu. Kumbe kichwa kikipumzika, mjukuu wangu, mtu anawaona wenzake."