Mikate Midogo ya Ba Allal

Kila asubuhi kabla ya shule, Batoul alibeba ubao wa mikate mibichi hadi tanuri la Ba Allal, mwoka mikate wa mtaa wao, katika mji mkongwe karibu na Fez. Wiki hiyo alikuwa na kazi nyingine pia. Shangazi yake Ghizlane, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa akichunguza maisha ya uzeeni. Alimtaka Batoul apite nyumba za mtaa na kumwandikia wazee kumi wa hali mbalimbali wa kuhojiwa, na orodha ilihitajika Jumamosi. Halmashauri ya mji ingeisoma ripoti yake kabla ya kuamua kama wauguzi wawafuate wazee majumbani.

Alhamisi Batoul aliingia mkahawani, akaandika majina kumi upesi upesi, akampelekea shangazi.

"Umepita nyumba zote?" shangazi akauliza.

"Zote."

Ghizlane akasoma, akaguna. "Wanaume watupu! Tena wote wana miguu ya kufika mkahawani. Bibi zetu wamehamia mwezini?"

Batoul akainama. "Nimesema uongo, shangazi. Sikupanda ngazi hata moja."

"Basi una kesho tu."

Lakini aanzie wapi? Wasiotoka nje hawaonekani. Asubuhi akamwuliza Ba Allal, anayeujua mkate wa kila nyumba kwa alama yake.

"Tazama huu mmoja, mdogo," mzee akasema. "Mwenyewe anaishi peke yake. Na ukiletwa na mtoto wa jirani, ujue hawezi kushuka."

Baada ya shule Batoul akafuata mikate midogo saba hadi kwa wenyewe. Mzee mmoja alimfukuza. Akaandika "amekataa", basi. Kwenye ghorofa ya juu alimkuta Lalla Tahra, ambaye hakuwa ameshuka kwa miaka mitatu.

"Mimi nina nini cha kusema? Nenda kwa wale wa mkahawani, wenye midomo!"

"Hao hawazijui ngazi hizi, bibi."

Lalla Tahra akagonga sakafu kwa mkongojo. "Kweli! Mwite huyo shangazi yako, aje na kalamu mbili!"

Sita walikubali, na wanne wa mkahawani wakabaki kwenye orodha. Miezi miwili baadaye, maneno ya Lalla Tahra yalisomwa mbele ya halmashauri: "Zahanati iko hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu, na sijaiona tangu goti liliponishinda." Siku hiyo hiyo wauguzi wawili wakateuliwa. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, na cha Lalla Tahra kilisikika kutoka dirishani.

"Anayeonekana husemewa na wengi," Ghizlane akamwambia Batoul. "Uaminifu wa kazi yetu ni kumtafuta asiyeonekana, hata miguu ikiuma."