Kompyuta Nane za Nyuma ya Darasa

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Aloo alitoka nyumbani kwao katika mtaa wa Huruma akiwa ameshika viatu mkononi. Alivivaa baada ya kuvuka maji ya sabuni yaliyomwagwa na majirani waliofua nje ya vyumba vyao. Mama yake, Seline, alikuwa amempa chai na kipande cha mwisho cha mkate, naye mwenyewe akanywa chai tupu. Aloo hakuliona jambo hilo. Watoto wengi hawalioni mpaka wawe wakubwa.

Aloo alikuwa ameanza Gredi ya Kumi mwezi huo wa Januari. Kati ya masomo yote aliyochagua, alilipenda zaidi somo la Kompyuta. Alilipenda hata akaomba kupiga deki chumba cha kompyuta kila asubuhi, ingawa haikuwa zamu yake. Mbele ya chumba hicho kulikuwa na kompyuta sita zilizofanya kazi. Nyuma, karibu na dirisha lililotazama barabara ya vumbi, kulikuwa na nyingine nane zilizofunikwa kwa pazia kuukuu.

"Hizo zilikufa zamani," kila mtu alisema.

Siku ya Ijumaa, mwalimu wa Kompyuta, Bi. Jerop, aligawa fomu.

"Mko thelathini na kompyuta ni sita," alisema. "Shule imeamua kwamba watakaoendelea na somo hili ni wale walio na laptopu nyumbani. Wengine watahamia somo lingine. Jazeni fomu, mzazi atie sahihi, mzirudishe Jumatatu."

Aloo aliketi karibu na Jemutai, binti wa wakulima wa mahindi nje ya mji. Jemutai alilisoma swali la laptopu mara moja tu, akaandika "Hapana" kwa herufi kubwa. Aloo alifunika karatasi yake kwa mkono. Akaandika "Ndiyo."

Jioni alimpelekea mama yake fomu ile. Seline alikuwa akifua. Alijipangusa mikono kwa leso ili asiilowanishe karatasi.

"Ni ya nini hii, nyathina?" aliuliza. Hivyo ndivyo alivyomwita mtoto wake siku zote, kwa lugha yao, yaani mwanangu.

"Ni ya masomo tu, Mama."

Seline hakuuliza tena. Alitia sahihi polepole, herufi baada ya herufi, kwa sababu alimwamini mwanawe.

Jumatatu, wanafunzi kumi na watatu walioandika "Hapana" walibeba viti vyao na kuhama. Jemutai alijua vizuri kwamba kwa kina Aloo hapakuwa na laptopu. Alimtazama Aloo, akajitwika kiti chake kichwani, akaenda zake.

"Aloo, laptopu yako iko wapi?" aliuliza Cyril, mvulana aliyependa kuchekesha darasa.

"Iko kwa mjomba, Kisumu."

Jumanne laptopu hiyo ilikuwa njiani. Jumatano chaja yake ilikuwa imeharibika.

"Juzi Kisumu, leo chaja!" Cyril alisema kwa sauti. "Kesho utatuambia imeshikwa na malaria!"

Darasa zima lilicheka. Aloo alicheka pia, macho yake yakiwa kwenye daftari.

Alhamisi Bi. Jerop alimpigia Seline simu, akamwomba aitume ile laptopu iandikishwe.

"Laptopu gani, Mwalimu?" Seline aliuliza.

Jioni hiyo Seline alipakua ugali na sukuma wiki kama kawaida. Alimwekea Aloo sahani yake, kisha akaketi mbele yake.

"Mama, nichape basi," Aloo alisema, machozi yakimtoka.

"Sitakuchapa. Jina langu liko chini ya maneno ya uongo. Nani aliliweka hapo?"

"Ni mimi. Nisamehe, Mama. Lakini kama ningeandika ukweli, ningetolewa kama Jemutai!"

"Ungetolewa ukiwa umesema ukweli, nami ningekuja shuleni kupiga kelele mpaka wanisikie," Seline alisema. "Sasa nitapiga kelele nikiwa na nini?"

Aloo aliisogeza sahani kando, akaenda kulala. Usingizi ulikawia kuja, lakini asubuhi alijua la kufanya.

Alimkuta Bi. Jerop katika chumba cha walimu, akinywa chai na wenzake.

"Mwalimu, niliandika uongo. Mama hakujua. Nipe adhabu."

Bi. Jerop alitoa karatasi ya kuhama kwenye mkoba wake. "Ni vizuri umekuja mwenyewe. Utachota maji ya jikoni kila asubuhi kwa wiki mbili. Kisha utie sahihi hapa, uhamie somo lingine."

Aloo aliitazama karatasi. Kisha akairudisha mbele ya mwalimu.

"Maji nitachota, Mwalimu. Hapa sitii sahihi."

"Unasemaje?"

"Kudanganya ni kosa, na adhabu yake nimeikubali. Lakini kukosa laptopu si kosa. Jemutai alisema ukweli na bado mkamtoa. Yeye alikosa nini?"

Walimu wengine waliweka vikombe chini. Bi. Jerop alishusha pumzi.

"Aloo, kompyuta ni sita. Nifanye nini?"

"Na zile nane?"

"Zilikufa."

"Nani alizipima?"

Bi. Jerop alipohamia shule hiyo miaka miwili iliyopita, alizikuta zimefunikwa. Aliambiwa zimekufa, naye akawaambia wengine hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kufungua hata moja.

"Jirani yetu Johnstone ni fundi wa televisheni na kompyuta," Aloo alisema. "Niruhusu nimlete azitazame. Nikishindwa, nitatia sahihi."

Bi. Jerop aliikunja ile karatasi. "Mlete kesho. Ikifika saa sita mchana na zote bado ziko kimya, utaondoka bila maneno."

"Sawa, Mwalimu."

Aloo alipomweleza mama yake habari hizo, Seline alisimama palepale na kujifunga leso kiunoni.

"Sasa nina kitu cha kupigia kelele," alisema, akatoka kwenda kwa Johnstone.

Jumamosi asubuhi fundi Johnstone alifika shuleni na bisibisi zake ndani ya mkebe wa biskuti.

"Kwa Mama Aloo siwezi kukataa," alimwambia Bi. Jerop. "Nilipougua mwaka jana, aliniletea uji siku tisa. Hakunidai hata asante."

Waliondoa pazia, wakapangusa vumbi. Johnstone aliiunganisha kompyuta ya kwanza na umeme, akabonyeza kitufe. Ilitoa mlio mara tatu, lakini kioo kikabaki cheusi.

"Mnaona? Imekufa," Bi. Jerop alisema kwa huzuni.

"Mwalimu, maiti hapigi kelele," fundi alijibu.

Aliichomoa kwenye umeme, akafungua ubavu wake. Ndani mlijaa vumbi laini kama unga. Alitoa kikadi kirefu chembamba na kumwonyesha Aloo meno madogo ya chuma yaliyopangika ukingoni. Yalikuwa yamekuwa meusi.

"Hii ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Meno yakichafuka, haiwezi kukumbuka chochote, ndiyo maana inalia. Una raba ya kufutia penseli?"

Aloo aliitoa mfukoni. Johnstone alisugua meno yale taratibu mpaka yakang'aa. Alikirudisha kikadi mahali pake na kuwasha tena. Mlio ukasikika mara moja tu. Feni ikavuma. Kioo kikawaka rangi ya samawati.

Aloo alipiga ukelele, kisha akaziba mdomo.

"Ya pili ifungue wewe," Johnstone alisema, akimpa bisibisi.

"Mimi? Na nikiiharibu?"

"Si walisema imekufa? Utaiua mara ngapi? Nimekuja kukuonyesha, sikuja kukufanyia kazi."

Jemutai, aliyekuwa amesikia habari hizo, aliingia na raba yake mwenyewe. Aloo alimwambia kwa sauti ndogo, "Nisamehe kwa ile siku."

"Nipe hicho kikadi," Jemutai alijibu. "Tutaongea tukimaliza."

Cyril alichungulia mlangoni. "Ehe! Mafundi wa Huruma!"

Aloo hakuinamisha kichwa. "Ndiyo, wa Huruma. Shika tochi au uondoke."

Cyril alisitasita, kisha akaingia na kushika tochi.

Kabla ya saa sita, kompyuta sita kati ya zile nane zilikuwa zinawaka. Mbili zilikataa kabisa, na Johnstone alisema kwamba hizo kweli zimekufa. Bi. Jerop alizihesabu mara mbili: kumi na mbili zilizo hai. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na aliporudi alikuwa na ile karatasi ya kuhama mkononi, imechanwa vipande viwili.

Jumatatu wanafunzi kumi na watatu walirudi na viti vyao. Bi. Jerop alisimama mbele ya darasa.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilisema kompyuta zimekufa bila kuzifungua, na kwa neno hilo nikawatoa nje watu waliosema ukweli. Naomba radhi. Aloo naye alidanganya. Uongo wake ulimpa nafasi ya siku nne, tena akiwa na hofu kila saa. Aliposema kweli, aliweza kunikatalia mimi mbele ya walimu wote, nami nikakosa la kumjibu. Kwa hiyo, wanangu, mkiona jambo lisilo la haki, likataeni bila woga. Lakini likataeni mkiwa wakweli, maana aliyedanganya hana mahali pa kusimama."

Hakuna aliyecheka, hata Cyril. Jemutai alikiburuta kiti chake mpaka mbele ya kompyuta ya Aloo.

"Sogea," alisema. "Leo ninaanza mimi."

Aloo akasogea.