Kamba Chini ya Kiti cha Baiskeli

Esdras alifika Masisi centre jua likiwa limeshapotea nyuma ya vilima, na jibini zake zikiwa bado ngumu ndani ya majani ya ndizi. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka la Mama Agathe, mteja wake. Akapapasa chini ya kiti. Kamba ilikuwepo. Akabeba jibini, akaingia ndani. Mnyororo hakufunga, kufuli hakuwa nalo.

Watu walimshangaa. Baiskeli yenyewe si ile ya kuachwa nje kama jembe bovu. Ilikuwa na vitesse, yaani gia za kubadilisha, ilikuwa na freni za diski, na fremu yake ungeiinua kwa mkono mmoja. Ili waipate huko Goma, yeye na mkewe Sidonie waliuza mmoja wa ng'ombe wao wa maziwa, na Sidonie alimlilia ng'ombe yule kama ndugu. Baiskeli ya kwanza iliibwa palepale, ukutani palepale, pamoja na mnyororo wake. Mwizi alimwachia kufuli tu chini, labda kwa huruma.

Ndiyo maana Esdras, mwimbaji wa kwaya, siku moja alipanda lori la Walikale bila kumuaga mtu yeyote kanisani. Alimtafuta Papa Léopold, mzee wa mitego. Mzee akampa kamba ya gome la mti, kamba ya mtego, mpya, ambayo haijawahi kushika kitu. Akamwambia ataje juu yake jina lake na la mkewe, ili iwajue. Kisha akamshika kidevu kama mtoto.

"Sikia muzuri. Mutego mupya, nyama ya kwanza haiko yako. Njo vile tunafanyaka huku. Hata ikilia, usiitoe na mukono yako. Unaniita miye."

"Ndiyo, Papa."

Aliitikia haraka mno. Esdras ni mtu wa maharagwe na ng'ombe, hajatega hata panya maishani mwake. Alichosikia ni kwamba amepata kufuli lisilo na ufunguo. Mtego ni kitu kingine, lakini hakuuliza, na mzee alidhani ameelewa.

Alikuwa bado anasalimiana na Mama Agathe aliposikia kelele.

"Mwizi! Mwizi! Anashikwa!"

Akatoka mbio.

Kijana mmoja mwembamba alikuwa amesimama kando ya baiskeli, mikono yote miwili kwenye usukani. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anavuta mikono yake, anavuta kwa nguvu zote, nayo haitoki. Umati ulikuwa umeshamzunguka. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. La pili likampasua mdomo. Mtu mmoja akampiga mgongoni kwa mti wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mara moja, mara mbili, na kila pigo lilitoa sauti ya gunia la maharagwe likitupwa chini.

"Leteni pine!"

"Mafuta iko wapi?"

Esdras akasukuma watu hadi mbele. Akaona vifundo vya mikono ya yule kijana. Hakukuwa na kitu juu yake... lakini ngozi ilikuwa imebonyea pande zote, kama inabanwa na uzi. Inabonyea zaidi. Damu ikaanza kutoka pale pasipo na kisu.

Na harufu... Manyoya yaliyolowa. Nyama iliyosahauliwa porini.

Kijana akamwangalia kwa jicho moja lililobaki wazi. Akanong'ona.

"Papa... hii kitu iko inanipumulia mu shingo. Uifukuze. Nakuomba."

Nyuma ya kijana hakukuwa na mtu. Nywele zake za kisogoni tu ndizo zilikuwa zinalala na kuinuka, zinalala na kuinuka.

Esdras alishindwa kuvumilia. Nani angeweza? Pine, tairi kuukuu la kumchomea, lilikuwa limeshafika, linabiringishwa na watu wanaocheka. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akalegeza fundo. Mikono ya kijana ikaachia hapohapo. Akaanguka, akatambaa katikati ya miguu ya watu, akainuka, akapotea kwenye kichochoro huku mawe yakimfuata.

Watu wakamtukana Esdras hadi wakachoka. Yeye akainama tena, akaikaza kamba kama ilivyokuwa. Baiskeli ni baiskeli, na wezi bado wapo.

Njia ya kurudi kijijini kwake Kingi aliijua hata akifumba macho. Lakini jioni ile baiskeli ilikuwa nzito. Kwenye mteremko ilikuwa nzito. Porte-bagage, kibebeo cha nyuma, ililia, kwi... kwi... kama kuna mtu amekalia. Akageuka. Hakuna mtu. Harufu ile ikaja puani, na kitu cha moto kikampuliza nyuma ya sikio.

Akakanyaga pedali kwa nguvu.

Simu ikalia mfukoni mwa shati. Esdras akataka kuitoa.

Mkono haukutoka.

Akajaribu wa pili. Haukutoka pia.

Simu ililia hadi ikanyamaza. Esdras alipiga kelele njia nzima, jina la Yesu na la mama yake, na baiskeli ikaendelea hadi uani kwake hata pale alipoacha kukanyaga.

Sidonie akatoka na taa. "Papa Shekinah, mbona unalia? Balikupiga?"

Shekinah ni binti yao, anasoma Goma. Esdras alishukuru moyoni kwamba hayupo.

"Usikaribie hii kinga, hii baiskeli! Kamata simu mu mufuko yangu. Simu tu. Usiguse kinga!"

Ilikuwa inalia tena. Sidonie akaichomoa kwa vidole viwili, akaweka haut-parleur ili wasikie wote. Sauti ya Papa Léopold ikatoka ndogo, ya mbali.

"Esdras. Mitego yangu yote huku imejikaza yenyewe. Ya kwako ilikamata?"

"Ilikamata mwizi, Papa. Balikuwa banamuua. Nilimufungua."

Simu ikakwaruza.

"Ulitoa nyama ya kwanza... Fundo haitafunguka mara ya pili. Sasa haijue tena majina. Haijue bwana, haijue mwizi. Ule ataishika, inamukamata, na haitaachia bila kula. Bibi yako asiiguse! Esdras, unasi..."

Mtandao ukakatika. Sidonie hakusubiri. Aliona damu inachuruzika kwenye vifundo vya mumewe, akanyoosha mkono kushika usukani, amsaidie.

Esdras akamtupia teke la kifua.

Sidonie akaanguka matopeni. Tangu waoane, hajawahi kumpiga. Akainuka, akaja tena, maana ndivyo alivyo, na Esdras akampiga teke la pili likampata mdomoni. Damu ikatoka.

"Ondoka, mbwa weye! Ondoka, nitakuua!"

Alikuwa anamtukana na machozi yanamtiririka. Alimpenda mwanamke yule kuliko kitu chochote chini ya vilima vile, na hakuwa na mkono wa kumzuia.

Mfupa wa mkono wa kulia ukalia. Tak.

Pumzi ya moto ikashuka shingoni. Kitu kikamlamba. Ulimi mpana, mkavu.

"Sidonie," akasema polepole. "Leta panga."

"Hapana."

"Inataka kula. Uipatie mukono, ao inanikula muzima. Kata, mama. Kata!"

Akaenda. Akarudi nalo. Pigo la kwanza halikufika mwisho, na mlio aliotoa Esdras uliwatoa majirani nyumbani. La pili likafika. Mkono wa kushoto ukaachia wenyewe, taratibu, kidole baada ya kidole. Esdras akaanguka chali. Kabla ya kuzimia alisikia kitu kinatafuna.

Majirani walimbeba kwa machela hadi hospitali. Asubuhi wakaenda kuitazama baiskeli. Mkono haukuwepo. Udongo chini yake ulikuwa safi kama umefagiliwa, hakuna tone, hakuna alama ya mbwa. Kamba nayo haikuwepo. Wakaisukuma kwa miti mirefu hadi korongoni. Yule kijana wa dukani kwa Mama Agathe alionekana baadaye Bweremana akiuza samaki, na waliomwona waliapa kwamba vifundo vyake vilikuwa laini, bila kovu. Papa Léopold hakushika tena simu.

Esdras akapona. Kitandani alikuwa anashukuru Mungu kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakamcheka. Mkono mmoja si kitu, alisema. Mke wangu yuko mzima. Hakuigusa.

Jioni moja Sidonie alikuwa anamlisha uji. Alikuwa amefunga kitenge kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

"Uliumia?" Esdras akauliza.

Sidonie akaweka bakuli chini. Mdomo wake ulikuwa bado na kovu la teke.

"Pigo ya kwanza kinga ilitikisika," akasema. "Mukono haungekatika vile. Njo nikaishika na mukono ya kushoto. Kidogo tu... ili itulie."

Akafungua kitenge. Ngozi ya kifundo ilikuwa imebonyea pande zote, mstari wa duara, mwembamba. Hakukuwa na kitu juu yake.

"Kamba iko hapa. Kila jioni inakaza kidogo."

Esdras akaliita jina lake, akanyoosha mkono uliobaki amshike. Sidonie akaruka nyuma, akampiga kofi zito la uso, akarudi hadi ukutani.

"Usinishike, Papa Shekinah," akanong'ona. "Usinishike tena."