Mishumaa Inayokohoa

Siku ile Mama alisokota tambi za mishumaa. Alizianika kwenye kamba, akamwambia Gwakisa asiziguse kwa mikono yenye ndizi.

Ilikuwa siku ya kawaida tu.

Kisha Mama akaugua. Akapelekwa hospitali, na huko akafariki.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, huko Rungwe, kwenye migomba mingi na mvua nyingi. Sasa ilikuwa na watu wawili: Gwakisa na Baba.

Sokoni, meza ambayo Mama aliuzia mishumaa ilikuwa tupu.

Mama Tupoke, msimamizi wa soko, alikuja kuwasalimu. Alisema muuza tangawizi anaitaka ile meza.

"Nimemwambia asubiri kidogo," alisema. "Lakini meza ya soko haikai tupu, Baba Gwakisa."

Gwakisa hakutaka meza ya Mama ijae tangawizi. Alitaka ijae mishumaa.

Baba alisema yeye hajui kutengeneza mishumaa. Gwakisa alisema yeye anajua. Alikuwa amemwona Mama akiyeyusha nta na kuimimina.

Hatua nyingine za kazi hiyo Mama alizifanya Gwakisa akiwa shuleni.

Kaka Asegelile, mfuga nyuki, aliwapa ndoo ya masega. Asali alikuwa ameshaikamua.

Gwakisa alilamba sega moja. Bado lilikuwa na utamu. Baba naye akalamba. Akasema ni vizuri, mishumaa itanukia.

Masega yakaingia kwenye sufuria motoni, yakayeyuka. Kwo, kwo, kwo.

Koroga, Baba, koroga.
Mimina, Baba, mimina.

Nta ikaingia kwenye vipande vya mwanzi. Kila kipande kilikuwa kimepasuliwa katikati, kikafungwa tena kwa kamba ya mgomba. Utambi ulisimama ndani yake, wima kama mwanafunzi mstarini.

Nta ikapoa. Gwakisa akafungua kamba.

Tok. Mshumaa ukatoka.

Tok. Mwingine.

Tok, tok, tok.

Siku ya gulio mishumaa yote iliisha. Gwakisa alirudi nyumbani akirukaruka kwenye madimbwi. Baba alimwambia aache. Kisha Baba naye akaruka dimbwi moja, dogo.

Jioni umeme ukakatika. Gwakisa akawasha mshumaa wao, waliouacha nyumbani.

Pcha, pcha, pcha.

Mshumaa ulitema cheche. Ulitikisika. Ulikohoa.

Fuu. Ukazimika.

Baba akauwasha tena.

Pcha, pcha, pcha. Fuu.

Asubuhi Mama Tupoke alifika mlangoni na mshumaa mkononi.

"Gwakisa baba, mshumaa wako una mafua," alisema. "Umekohoa mpaka ukazimika. Nimekula ugali gizani, sikujua mboga iko wapi."

Nyuma yake walikuwa wanunuzi wengine, nao wameshika mishumaa yao. Mshumaa wa jirani mmoja haukukohoa. Sisimizi walikuwa wameuzunguka, nusura waubebe waende nao.

Watu wakacheka. Baba akacheka kidogo. Gwakisa hakucheka.

Aliuliza kama meza itapewa muuza tangawizi.

Mama Tupoke akachuchumaa, akamtazama machoni. "Leteni mishumaa inayowaka," alisema. "Gulio lijalo. Baada ya hapo sitaweza kumzuia."

Gwakisa alikusanya mishumaa yote iliyorudishwa. Ilinata. Mikono yake ikanata, shati likanata, hata sikio moja likanata.

Baba akamletea maji ya moto kidogo kwenye beseni. Gwakisa akaosha mikono.

Asali ikatoka. Lakini kwenye kucha zake kulikuwa na kitu cha njano. Alisugua. Hakikutoka.

Ilikuwa nta.

Gwakisa akatazama kucha zake. Akatazama maji. Akazitazama kucha tena.

"Baba," alisema, "maji yanaondoa asali. Hayaondoi nta."

Baba akavishika vile vidole, akaviangalia kimoja kimoja.

"Mama alikuwa anaosha nta?" aliuliza Gwakisa.

"Nadhani ndiyo," alisema Baba. "Sikuwahi kumuuliza."

Wakaivunja mishumaa yote, wakatoa tambi. Wakaitia kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi. Baba ndiye aliyekaa karibu na moto.

Kwo, kwo, kwo.

Koroga, Baba, koroga.

Baba akaichuja nta kwa kitambaa. Miguu ya nyuki ikabaki kwenye kitambaa. Na bawa moja.

Halafu wakaiacha ipoe. Kusubiri kulikuwa kugumu. Gwakisa alikwenda kuchungulia, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Baba akamwambia nta haipoi kwa kuangaliwa. Kisha Baba mwenyewe akaenda kuchungulia.

Nta ilikuwa imeelea juu. Ilikuwa imeganda, ya mviringo, ya njano, kama chapati.

Chini yake kulikuwa na maji ya kahawia. Gwakisa akachovya kidole, akaonja.

Matamu.

Asali yote iliyokuwa ikikohoza mishumaa ilikuwa kwenye maji.

Wakaiyeyusha ile chapati ya nta. Safari hii haikunata.

Koroga, Baba, koroga.
Mimina, Baba, mimina.

Tok. Tok. Tok, tok, tok.

Siku ya gulio ikafika. Gwakisa alipanga mishumaa kwenye meza ya Mama. Watu walipita. Walitabasamu, wakauliza kama mafua yamepona, wakaenda zao.

Hakuna aliyenunua.

Muuza tangawizi alisimama pembeni na gunia lake.

Gwakisa akamwomba Baba kiberiti. Baba akawasha mshumaa mmoja, akausimamisha katikati ya meza.

Watu wakasogea. Wakatega masikio. Walikuwa wanasubiri ukohoe.

Mshumaa ukawaka.

Ukaendelea kuwaka.

"Kho!"

Watu wote wakaruka. Gwakisa akafumba macho.

"Ni mimi," alisema Mama Tupoke. "Kikohozi changu. Mshumaa mzima kabisa."

Soko lote likacheka, na safari hii Gwakisa akacheka pia. Mama Tupoke akanunua wa kwanza. Muuza tangawizi akanunua wa pili, akabeba gunia lake, akaenda kutafuta meza nyingine.

Jioni mvua ikanyesha, na umeme ukakatika, kama kawaida yake.

Gwakisa akasimama dirishani na Baba. Kule bondeni dirisha moja likawaka. Kisha la pili. Kisha la Mama Tupoke.

Walisikiliza. Mvua tu. Hakuna kilichokohoa.

Gwakisa akapanda kitandani. Baba akamfunika blanketi, akapuliza mshumaa.

Fuu.

Asubuhi, kabla Baba hajafumbua jicho la pili, Gwakisa alikuwa amesimama karibu na kitanda chake.

"Baba, amka. Twende kwa Kaka Asegelile tukaombe masega."

Baba akavaa viatu. Gwakisa akabeba ndoo kubwa kuliko tumbo lake. Baba akabeba kifuniko.