Sare Mbele ya Altare

"Ai! Magoti tu?" Kang'ethe alilalamika. Mlinzi wa kanisa la San Petronio alikuwa amemzuia mlangoni kwa sababu ya kaptula, na watalii wa Bologna wakimtazama. Mtu mzima, mfanyakazi wa benki, aliona haya.

"Kaka, jifunge hiki."

Aligeuka. Msichana mrefu, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, alimnyooshea kipande cha kitenge hichohicho.

"Mi ni fundi wa nguo, nilikuja kwa maonyesho ya vitambaa. Naitwa Murielle. Niko naishi Johannesburg, Observatory."

"Eish! Mimi niko Randburg, mji huohuo!"

Walicheka mpaka mlinzi akawaonya. Ndani kulikuwa na ubaridi, na nguzo za kanisa hilo la miaka zaidi ya mia sita zilipanda mpaka shingo zikawauma. Mtalii mmoja akawapiga picha mbele ya altare, kitenge kikiwa bado kiunoni mwa Kang'ethe.

Waliporudi Johannesburg mapenzi yakanoga, hata Murielle akaiweka ile picha kwenye status ya simu yake wote waione. Jumapili iliyofuata Kang'ethe akapigiwa simu.

"Shemeji, mi Lambert, kaka mukubwa ya Murielle. Munafunga ndoa Ulaya, mama hana habari?"

"Ndoa gani?"

"Sare iko! Altare iko! Weye unanifanya mutoto?"

Kang'ethe alichanganyikiwa. Kwao kitambaa ni kitambaa. Kwa kina Lambert, mwanamume na mwanamke wakivaa kitenge kimoja kanisani, hao ni mtu na mkewe. Woga ukamponza.

"Hakuna kitu, kaka! Huyo ni rafiki tu. Alinifunika magoti!"

Simu ya Lambert ilikuwa kwenye spika, na Murielle alikuwa palepale kando yake.

"Rafiki tu? Aksanti, Kang'ethe." Akakata.

Tangu hapo hakupokea simu zake. Kang'ethe hakuelewa kitu. Amekana ndoa ambayo haikuwapo, sasa mbona anampoteza mpenzi wa kweli?

Jumamosi alivaa suti ya kijivu, akaenda Observatory. Lambert na mama walimkazia macho. Murielle alikuwa kwenye cherehani, hakuinua uso.

"Mama, hatukufunga ndoa. Lakini nampenda Murielle. Niliogopa kusema. Naomba kumuoa."

"Tumekubali!" Lambert akamkumbatia. Mama akapiga vigelegele.

Cherehani ikanyamaza.

"Kwanza mulinioza na picha," Murielle akasema. "Sasa munanioza na vigelegele. Mi mwenyewe, nani aliniuliza?"

Kang'ethe alimgeukia.

"Basi nakuuliza, mpenzi..."

"Apana. Hapa kuna watu mingi. Urudi Jumamosi ingine, uniulize mi peke yangu."

"Sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

Murielle alimsukuma taratibu mpaka mlangoni, na mbele ya mama na kaka yake akambusu.

"Ni Jumamosi," akasema, akafunga mlango.